Kabla ya kununua amortisa mpya, fungueni kwanza ile ya zamani

Katika mavuno yaliyopita, koperative moja ya kahawa tunayofanya nayo kazi katika milima ya Kivu ilipata hasara ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote. Pikipiki yao ilikuwa inashuka jioni na magunia mawili ya kahawa mbivu. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona gurudumu la mbele likaingia shimoni, gidoni ikageuka, motari akaanguka na kuvunjika mfupa wa bega. Kahawa ikalala kando ya barabara. Asubuhi ilikuwa imeanza kuchacha, na kituo cha kuosha kikaikataa. Mama mwenye magunia yale alikuwa ameyahesabia minerval ya watoto.

Kila mtu alilaumu barabara. Kweli, barabara ni mbaya. Lakini tulipomtembelea motari nyumbani kwake, alituambia neno moja lililotufanya tufikiri: “Breki nilishika, lakini gurudumu ya mbele ilikuwa inaruka tu, haikamate chini.”

Tukaenda na fundi, tukafungua furshi, yaani ile miguu miwili ya mbele. Mguu wa kushoto ulitoa mafuta meusi kama maji ya matope. Wa kulia ulikuwa karibu mkavu. Pikipiki ile ilikuwa imefanya kazi miaka minne bila mtu kuigusa hapo.

Resori inabeba, mafuta yanatuliza

Ndani ya kila mguu mna resori na mafuta. Resori inabeba uzito. Mafuta yanapita katika matundu madogo na kuizuia resori isirukeruke. Yakiisha au yakichakaa, gurudumu linapiga shimo, linaruka, linaacha ardhi. Na gurudumu lililoacha ardhi halina breki, hata ushike namna gani. Kwenye mteremko ndipo hatari inazidi, kwa sababu ukifunga breki uzito wote unakuja mbele.

Vipimo vitatu bila kufungua kitu

1. Shika breki ya mbele, sukuma gidoni chini kwa nguvu, kisha achilia. Inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikicheza mara mbili tatu, mafuta yamekufa.

2. Pangusa bomba linalong'aa kwa kitambaa safi, endesha kidogo, tazama tena. Ukiona duara ya mafuta, mpira wa kuzuia mafuta, ule mafundi wanaita spi, umekatika. Msingoje: mafuta hayo yakifika kwenye breki, haitashika.

3. Inua gurudumu la mbele kwa gogo chini ya injini. Shika miguu ya furshi, vuta na kusukuma. Ukisikia “ko, ko”, rulma za gidoni zimelegea au zimekwisha. Hizo zitengenezwe kwanza.

Kubadilisha mafuta

Gurudumu la mbele libaki juu, pikipiki isimame imara. Fungua mguu mmoja kwanza, halafu wa pili. Unapofungua kifuniko cha juu, kikandamize kwa mkono na ukae kando. Resori inasukuma na inaweza kukirusha usoni.

Toa mafuta ya zamani kwa skrubu ndogo ya chini. Kama haipo, toa mguu mzima na uupindue. Pampu mara kumi hivi mpaka yaishe. Tia mafuta ya furshi, namba 10 au 15. Kwa pikipiki inayobeba mizigo kila siku, 15 inatuliza vizuri zaidi. Yakikosekana sokoni, mafuta mekundu ya gearbox otomatiki yanafaa, yanakaribia namba 10. Msitie mafuta ya injini yaliyotumika, wala mafuta ya breki.

Kiasi fuateni kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki nyingi ndogo, lita moja inatosha pikipiki mbili. Resori ikiwa nje na mguu umeshushwa kabisa, chovya kijiti na upime: miguu yote miwili iwe sawasawa. Msijaze kupita kiasi. Hewa ikikosa nafasi, spi zitapasuka.

Kama mbele bado inashuka mno

Pima hivi. Furshi inayoweza kushuka milimita 120 ishuke kama 30 hadi 40 tu motari akipanda na mzigo wake wa kawaida. Ikishuka nusu, resori imechoka. Kabla ya kununua mpya, kata kipande cha bomba la plastiki gumu, urefu wa milimita 10, ukiweke juu ya resori na rondela juu na chini. Bado haitoshi? Fanya 15, mwisho 20. Kulia na kushoto iwe sawa. Zaidi ya hapo furshi inakuwa ngumu kama fimbo, na motari ataumia mikono.

Tumeona pia watu wanaounga vyuma kwenye furshi ili “ipate nguvu”. Tunawaomba muache. Moto wa kuunga unadhoofisha chuma, na siku kikikatika hakuna atakayejua kilipoanzia.

Kuilinda

Matope makavu ndiyo yanayokata spi. Kila jioni motari apanguse yale mabomba mawili. Kipande cha shambrea ya zamani kinafaa kuwa soksi ya kuyafunika. Acheni tundu dogo chini ili maji yatoke. Na mzigo usitundikwe kwenye gidoni, hata kuku wawili.

Kazi ya komite, si ya motari peke yake

Koperative ile sasa imeandika katika daftari: mafuta ya furshi mara moja kwa mwaka, mwezi wa pili, kabla ya mavuno ya mwezi wa tatu. Pesa zinatoka katika sanduku la koperative. Motari hakuwa mzembe. Hakuna aliyempa pesa za mafuta hayo, wala aliyemuuliza habari za furshi.

Katika mkutano wenu ujao, ulizeni swali hilo. Halafu linganisheni bei ya lita moja ya mafuta na bei ya magunia mawili yaliyolala barabarani. Mfupa wa bega hatukuuhesabu.