Rupia za Mjerumani na Mashine ya Kuzitafuta

Wanachama wetu wenye jamaa huko Bara, khasa katika mji wa Arusha na vijiji vya Mlima Meru, hapana shaka wameisikia khabari hii: ya kuwa Mjerumani alipokimbia vita alizika masanduku ya rupia na dhahabu, akatia alama juu ya mawe na miti, na kwamba sasa ipo mashine iitwayo detekta, ambayo ukiipitisha juu ya ardhi hulia palipo na mali. Na kwa kuwa baada ya msimu wa karafuu fedha huwamo mkononi, mkulima hakosi kujiwa na mtu wa kumtaka atoe fungu lake katika shirika la kuchimba. Twaona yafaa tueleze lipi katika hayo ni kweli, na lipi ni la kumtoa mtu fedha zake.

Fedha za Mjerumani zilifika Arusha, hilo halina ubishi. Boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho, lilijengwa mwaka 1900 baada ya Waarusha na Wameru kupigwa vita, na wao ndio waliotumikishwa kulijenga. Kisha ikaja kodi. Asiyekuwa na rupia ya kulipa alikwenda kuitafuta kwa kibarua katika mashamba ya walowezi. Rupia ile ilikuwa ya fedha, uzito wake gramu 11 na zaidi. Mwanzo iligawanywa kwa pesa 64. Tangu mwaka 1904 ikagawanywa kwa heller 100, na hapo ndipo watu wa Bara walipopata neno "hela".

Kwa hivyo mtu akilima karibu na soko la zamani, au njia ya wapagazi, au ua wa nyumba ya mlowezi, aweza kuokota heller ya shaba, au ile yenye tundu katikati, na kwa bahati rupia moja. Hizo ni fedha zilizomwanguka mtu mkononi au mfukoni. Aliyeangusha rupia nzima alirudi kuitafuta. Ndiyo maana zinazookotwa zaidi ni zile ndogo.

Ama ile dhahabu inayosifiwa sana, tuitazame kwa kalenda. Ni sarafu ya rupia 15, yenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Ilipigwa Tabora katika mwaka 1916, kwa dhahabu ya Sekenke, kwa sababu manowari za Kiingereza ziliziba bahari na fedha mpya haziwezi kuletwa kutoka Ulaya. Jumla yake ilikuwa 16,000 na ushei tu. Chini yake imeandikwa herufi T, maana yake Tabora. A ni Berlin, na J ni Hamburg. Sasa mwanachama na ajiulize: majeshi ya Waingereza yalichukua Moshi na Arusha mwezi wa Machi 1916, na dhahabu ya Tabora ilikuja kupigwa baada ya hapo. Vipi Mjerumani aliyekwisha kuondoka Arusha azike huko fedha ambazo bado hazijazaliwa? Akija mtu na hadithi ya sanduku la dhahabu za Tabora lililozikwa Arusha na askari waliokuwa wakikimbia, tarehe peke yake yatosha kumjibu.

Na hiyo mashine je? Mashine ni ya kweli, wala si uchawi. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kwa chombo cha namna hiyo kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, lakini hakufanikiwa. Katika kile kisahani cha chini mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta madini, nayo hujibu, na mashine hulia. Lakini nguvu hiyo hufifia upesi. Sarafu moja husikika kwa kina cha shubiri moja hivi, au moja na nusu. Kitu kikubwa kama sanduku huenda kikasikika chini zaidi, lakini si kwa kina cha kisima.

Tena ardhi ya Meru ina taabu yake. Mlima ule ni wa volkano, na udongo wake una chembe za chuma zenye sumaku. Mashine isiyorekebishwa vizuri hulia ovyo pale ambapo hapana kitu ila udongo na mawe. Mjanja hupenda ardhi kama hiyo. Husema, "Wasikia? Mali iko hapa, ila iko chini mita kumi, tutoe fedha za vibarua." Akishapata za vibarua hudai za kafara, kisha za dawa, mpaka mkulima amekwisha.

Wala si wakulima tu wanaodanganywa. Uingereza alikuwako mtu, James McCormick, aliyeuza vijiti vya antena kuwa ni vyombo vya kutambua mabomu, na Serikali ya Iraq ikavinunua kwa fedha nyingi sana. Asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, na ndani hamkuwa na kitu. Mwaka 1913 ungesema watu hawakujua. Lakini alifungwa miaka 10 katika mwaka 2013, siku hizi hizi zetu. Basi mtu akikuonyesha chombo kinachonusa dhahabu kutoka mbali, mzikie wewe sarafu shambani mwako pasipo yeye kuona, kisha mwambie aitafute.

Jambo la mwisho ni sheria. Huko Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila ya leseni, na aliyeokota kitu cha kale yampasa atoe khabari. Kufukua makaburi, ya Wajerumani au ya wenyeji, ni kosa na ni aibu.

Faida ya kutoa khabari twaijua hapa hapa visiwani. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu huko Pemba, wataalamu walichimbua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, pamoja na chache za dhahabu. Kwa kuwa zilichimbwa kwa taratibu, na kila kitu kikaandikwa kilipokuwa, tumejua kwamba wafalme wa pwani hii walikuwa wakipiga fedha kwa majina yao karibu miaka elfu iliyopita. Lau zingalitolewa usiku kwa jembe, zingaliyeyushwa kwa sonara, na khabari hiyo tusingeipata.

Basi shauri letu kwa wanachama ni hili. Ukiokota sarafu shambani, usiisugue kwa majivu wala ndimu, kwani huiharibu. Iweke alama mahali ulipoiona, kisha umwarifu Sheha. Usikubali mtu akuchimbie chini ya mikarafuu kwa tamaa ya sanduku: mizizi ikikatwa mti hufa, na mche mpya hukungojesha miaka sita au zaidi kabla hujauchuma.