Mtoto Aanze kwa Sikio, Sheria Zifuate

Katika mashindano ya shule, watoto wa Kenya husimama jukwaani wakakariri mashairi kwa sauti nzuri, na wazazi wakawapigia makofi. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini si wachache kati ya watoto hao ambao hawajapata kutunga hata ubeti mmoja wao wenyewe. Wameyabeba maneno ya watu wengine, na ya kwao yamebaki kifuani. Sababu si uvivu, wala si upungufu wa akili. Mara nyingi wameingizwa katika ushairi kwa mlango usiowafaa.

Shairi la Kiswahili lina sheria zake. Lile la kawaida, liitwalo tarbia, lina mistari minne katika kila ubeti. Kila mstari una mizani 16, nao umegawanyika vipande viwili vya mizani 8, na kila kipande kina kina chake mwishoni. Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria za utungaji katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1954, na mtunzi hapati hasara kwa kuzijua. Lakini mtoto wa miaka 10 akiandikiwa sheria zote ubaoni siku ya kwanza, hutafuta vina kabla ya kutafuta neno la kusema. Hupata mistari iliyotimia hesabu, isiyo na maana. Kisha kalamu nyekundu ya mwalimu hupita juu yake, na mtoto huamua moyoni kwamba ushairi si kazi yake.

MAKOFI KABLA YA KALAMU

Mizani hupimwa kwa sikio, si kwa jicho. Kwa hiyo yafaa somo la kwanza liwe la kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. “Ng’ombe” ni makofi mawili, na “kisima” ni matatu. Hapo watoto huona jambo la ajabu: “mtoto” pia ni matatu, kwa kuwa ile “m” yasimama peke yake, na “nchi” ni mawili ijapokuwa ina irabu moja tu. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kikamba au Kijaluo aweza kuteleza hapa, na hata yule wa pwani huteleza akihesabu kwa macho. Makofi huwasawazisha wote.

UBETI WA DARASA ZIMA

Baada ya makofi, mwalimu awaulize watoto wameona nini asubuhi ile. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga juu ya mji wake, vita vyake na mapenzi; hakwenda mbali kutafuta habari. Mtoto naye asipelekwe mbali.

Mathalani mmoja aseme, “Mvua inanyesha sana.” Kwa macho yaonekana ni mizani 8, kwa makofi ni 9. Mwalimu asiyafute maneno hayo, bali aulize ni nani awezaye kupunguza kofi moja. “Inanyesha” ikigeuzwa kuwa “yanyesha,” hesabu hutimia na maana haipotei. Mtoto amejifunza sheria pasipo kuhubiriwa. Ndipo darasa zima litafute maneno yaishiayo kwa “na” na “ni,” kila mtoto akikumbuka mambo ya kwao, mpaka ubeti utimie namna hii:

Mvua yanyesha sana, maji yaingia ndani,
Usiku hata mchana, sufuria sakafuni,
Kuku nao wabanana, wakimbilia jikoni,
Baba asema: Kijana, huu ni unga shambani.

Sufuria ile ya kukingia maji yanayovuja haikutoka kitabuni, wala neno la baba. Vina vimeyafuata mambo ya nyumbani, havikuyatangulia.

ASIYETIMIZA HESABU

Wako wasemao kwamba vina na mizani ni pingu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata sheria hizo, wataalamu walibishana sana. Ubishi huo waweza kuwangoja watoto wakue. Anayependa hesabu atapata mchezo mzuri. Asiyeitimiza asinyang’anywe karatasi. Na aandike mistari yake kama alivyoisikia, aisome kwa sauti mbele ya wenzake, na mwalimu asifu kwanza lile neno lililo la kweli, kisha asahihishe.

Wazazi nao wana sehemu yao. Vitendawili na nyimbo za jioni, kwa lugha yo yote, hulinoa sikio la mtoto kabla hajaijua shule. Na siku atakapokuja na ubeti wake daftarini, baba na mama waache kazi kidogo wamsikilize. Mtoto aliyesikilizwa mara moja atatunga wa pili.