Lodwar Hadi Mandera: Mbona Ndege ya Chini ya Saa Mbili Inakula Siku Nzima?

Hebu cheki ramani ya Kenya. Lodwar iko juu kushoto, Turkana. Mandera iko juu kulia kabisa, kwenye ile kona tunapopakana na Ethiopia na Somalia. Weka rula hapo katikati, laini inakatiza Ziwa Turkana na kupita karibu na Moyale. Ukiulizwa ni mbali kiasi gani kwa ndege, utasema aje?

Jibu la haraka ni kilomita 700 hivi. Ndege ya mapropela yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa ingekutoa Lodwar ikufikishe Mandera kwa saa moja na dakika 45, kupaa na kutua ikiwemo. Rahisi, sindio?

Ngoma iko hapa: hiyo ndege huipati. Ndege za abiria za kaskazini kwa kawaida zinatoka Nairobi na kurudi Nairobi, juu wateja wako huko. Kwa hivyo unashuka Nairobi kwanza, kama kilomita 510, halafu unapanda tena Mandera, kama 800. Jumla 1,310, karibu mara mbili ya ile laini ya rula. Hewani pekee ni zaidi ya saa tatu. Na kama ya Mandera iliondoka asubuhi kabla utue, buda, unalala Nairobi.

Sasa sema uko kazini Lodwar na upigiwe simu kwamba mzee ameaga Mandera. Wengi huko ni Waislamu, na maziko hayangoji. Ramani inasema utawahi. Ratiba inasema utakuta kaburi.

Je, ukikodi ndege ndogo? Inawezekana kama uko na doo ya maana. Lakini hiyo inaenda kama kilomita 300 kwa saa, so ni saa mbili na nusu hivi. Halafu kuna upepo. Kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya kuna uwazi ambapo upepo wa kutoka mashariki unapita kwa nguvu. Ndio maana kule Loiyangalani walisimamisha mitambo 365 ya stima ya upepo. Ukienda Mandera unapigana nao, ukirudi unakusukuma.

Joto pia si mchezo. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa hayaishiki vizuri, na ndege inahitaji uwanja mrefu zaidi ama mzigo mdogo. Kwa hivyo ukiambiwa upunguze begi, usidhani wanakuonea.

Barabara? Ziwa Turkana halina daraja, lazima ulizunguke. Na ya Mandera ina historia chungu: Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka huko waliuawa. Wasee wengi wakasema ni ndege ama wabaki nyumbani.

Kama lazima uende, fanya hivi. Angalia siku za ndege za Mandera kwanza, ndio ukate ya Lodwar. Acha nafasi kubwa katikati, juu tiketi zikiwa mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji. Beba mzigo mwepesi, mara nyingi mwisho ni kilo 15. Na weka pesa ya kulala Nairobi usiku mmoja, hata kama unaomba usiitumie.