Hasara ya mzeituni huanzia kitaluni

Mavuno ya zeituni yakiwa haba, wa kwanza kulaumiwa ni mvua, wa pili joto. Muuza miche haulizwi kitu. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kupanda, na mzeituni ukishashika mizizi huishi muda mrefu kuliko aliyeupanda.

Habari ya mpapai dume na jike tunaifahamu. Mzeituni una ugumu wake. Ua lake zima lina sehemu ya kiume na ya kike, na upepo ndio unaobeba chavua. Hata hivyo, kwa aina nyingi, ua hukataa chavua ya mti wake mwenyewe. Hukataa pia ya mti wa jirani ikiwa ni wa aina ileile, kwa sababu miti ya aina moja huzalishwa kwa vipandikizi: ekari kumi za aina ya Leccino ni sawa na mti mmoja uliorudiwa mara elfu.

Mwaka 2017 watafiti walitoa maelezo ya jambo hili: mizeituni imegawanyika katika makundi mawili tu ya uzazi, na ua hupokea chavua ya kundi lisilo lake. Kwa hiyo kuchanganya aina bila kujua makundi yake si dawa. Wakulima wa aina ya Manzanillo huko California waliona hilo kwa Mission, ambayo haiifai. Sevillano ndiyo huisaidia. Toscana, nchini Italia, kazi hiyo kwa Leccino hufanywa na Pendolino.

Ua lisilochavushwa wakati mwingine hutoa vijitunda vidogo visivyo na kokwa, visivyofaa kuuzwa. Na mkulima hahitaji miujiza: mti mkubwa huchanua maua laki kadhaa, na asilimia 1 au 2 yakishika matunda, mavuno ni mazuri.

Mbona basi wengi hupanda aina moja? Hesabu zao zina mantiki. Aina mbili huiva kwa nyakati tofauti, huhitaji kuvunwa mara mbili, na mafuta yake hutofautiana ladha. Mashamba ya kisasa ya Hispania, yenye miti iliyobanana kama uzio ili mashine ipite juu yake, yalipenda aina ya Arbequina, ambayo hujitegemea kuliko nyingi. Tena, penye mizeituni ya kila namna kama Andalusia, chavua ya jirani huja bure na upepo. Hatari kubwa iko kwa anayefungua shamba mahali pasipo mizeituni mingine: huyo hana jirani wa kumwokoa, na mvua ikinyesha wakati wa maua, hata chavua kidogo aliyo nayo huoshwa.

Mistari michache ya mchavushaji ni gharama ndogo mno kuikwepa. Unayetaka kununua miche, usitoe fedha kabla muuzaji hajakuandikia kila aina iko kundi gani.