Mipira Kumi na Minne na Mmoja Unaobaki: Sayansi ya Puli Inayostahili Kufika Pepa

Meza ya puli ikipandishwa hadi Pepa, kwenye nyanda za juu za Marungu mkoani Tanganyika nchini Kongo, kazi ya kwanza si kucheza bali kuisawazisha. Pepa ni nchi ya majani na ng'ombe, iliyo juu sana kuliko Kalemie na Moba zilizoko kando ya Ziwa Tanganyika. Bamba la jiwe lililo chini ya kitambaa ni zito, na penye sakafu laini mguu mmoja wa meza huzama kuliko mingine. Kuzama kidogo kunatosha kuharibu mambo. Meza ikiinama milimita 1 tu kwa kila mita, mpira unaokwenda polepole, kwa wastani wa kama sentimita 30 kwa sekunde, ukivuka mita moja utakuwa umepotoka karibu sentimita 4. Mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 5.7.

Baridi ya usiku nayo ina lake. Raba ya ukingoni hupungua unyumbufu ikipoa, kwa hiyo mpira unaougonga ukingo hurudi ukiwa mchovu. Ukungu ukitanda, kitambaa hunyonya unyevu na mwendo wa mipira hupungua. Wanaocheza mipira minane, mchezo uliozoeleka Afrika Mashariki na Kongo, mara nyingi huyafidia hayo kwa kupiga kwa nguvu. Lakini upo mchezo mwingine wa meza hiyo hiyo ambao nguvu haziusaidii sana. Unamtaka mchezaji apige taratibu, asogeze mpira mweupe kidogo, na kila mara aisome meza upya. Ni mchezo unaoonyesha sayansi ya biliadi waziwazi kuliko ndugu zake wote, na vijana wetu karibu wote hawajawahi kuuona ukichezwa.

Kanuni chache, uhuru mwingi

Wamarekani huuita straight pool, na vitabu vya kanuni huuandika 14.1. Unatokana na wazo la Mmarekani Jerome Keogh mwaka 1910. Kabla yake, wachezaji waliingiza mipira yote 15, wakaipanga tena yote, kisha wakalazimika kuanza upya dhidi ya pembetatu iliyojaa. Hakuna aliyetaka kuipasua na kumfungulia mpinzani mlango, hivyo mchezo ulikwama katika kujihami. Keogh akapendekeza mpira mmoja uachwe mezani.

Tangu hapo kanuni ni hizi. Mchezaji anaweza kulenga mpira wowote, mradi ataje mpira huo na shimo utakaloingia. Kila mpira una thamani ya pointi 1, uwe na rangi nzima au mstari, uwe namba 1 au namba 15. Akishaingiza 14, mchezo husimama kidogo. Hiyo 14 hupangwa tena ndani ya pembetatu, huku nafasi ya mpira wa mbele kabisa ikiachwa wazi. Mpira wa 15 na ule mweupe hubaki palepale ilipo. Mchezaji huyo huyo huendelea: anauingiza mpira uliobaki, na kwa pigo hilo hilo anaupeleka mweupe ukaipasue pembetatu. Anaendelea hivyo hadi akose. Faulo hukata pointi 1, na faulo tatu mfululizo hukata nyingine 15. Mashindano huchezwa hadi pointi 100, 125 au 150.

Sasa linganisha. Katika mchezo wa mipira tisa, ni lazima mweupe uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyo mezani, kwa hiyo namba ndizo zinazomwambia mchezaji pa kwenda. Katika mipira minane, mtu ana mipira yake saba, na anaweza kuimaliza kwa mipangilio 5,040 kabla ya kuugusa mpira mweusi wa kumalizia. Katika 14.1, njia za kupanga mipira 15 ni 1,307,674,368,000, yaani zaidi ya trilioni 1.3, na hapo hatujahesabu kwamba meza ina mashimo sita.

Uhuru huo ndio mtihani wenyewe. Asipokuwepo wa kukuamuru, kosa la kuchagua vibaya ni lako peke yako. Mchezaji mzuri wa 14.1 hufanya kama bingwa wa bao anayezihesabu kete hadi mwisho wa mzunguko kabla mkono wake haujagusa shimo. Huanza na mwisho: ni mpira upi, kati ya ile iliyotawanyika, uliokaa karibu na pembetatu kwa pembe ya kufaa kuipasulia? Huo anauacha. Kisha anatafuta mpira utakaomfikisha hapo bila kuuhangaisha mweupe. Huo nao anauhifadhi uwe wa 14. Mingine yote anaiondoa kwa mpangilio wa kuilinda hiyo miwili, na iliyoshikamana anaitenganisha mapema, wakati bado ana mipira mingine ya kukimbilia mambo yakiharibika.

Mpira mweupe unajua hesabu

Mwaka 1835, mwanahisabati Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, yule yule ambaye jina lake limepewa athari ya mzunguko wa dunia juu ya pepo, alichapisha kitabu kizima kuhusu hesabu za biliadi. Mengi ya aliyoyachambua humgusa mchezaji kila anaposhika fimbo.

Ukiupiga mpira katikati kabisa, hauanzi kwa kubingirika. Huteleza kwanza, na msuguano wa kitambaa ndio unaouzungusha hadi kuteleza kunaisha. Unapoanza kubingirika kikamilifu, kasi yake imeshuka hadi sehemu tano kwa saba za ile ya mwanzo. Ukitaka ubingirike tangu pigo, piga juu ya katikati, kwenye kimo cha sehemu saba kwa kumi za kipenyo chake. Kwa mpira wa kawaida hicho ni kimo cha milimita 40 kutoka kwenye kitambaa. Ukipiga chini ya katikati, huondoka ukizunguka kinyume, na unaweza kurudi nyuma baada ya kugongana na mwingine.

Kugongana nako kuna utaratibu. Mipira ina uzito sawa, kwa hiyo mweupe unaoteleza bila kuzunguka mbele wala nyuma, ukiugonga mwenzake kwa pembeni, njia zao huachana kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Ukiwa unabingirika, mambo hubadilika: kwa migongano mingi, ile isiyo ya moja kwa moja sana wala ya kuparaza tu, mweupe hupinda takriban nyuzi 30 kutoka kwenye njia yake ya awali. Anayeyajua haya mawili anaweza kukuambia kabla ya pigo mweupe utapita wapi. Katika 14.1 maarifa hayo hulipa zaidi kwenye pigo la kuipasua pembetatu, kwa sababu pale mweupe lazima uingie ubavuni mwa pembetatu mahali palipokusudiwa, kwa nguvu inayotosha kuifungua bila kujitumbukiza shimoni.

Sayansi inaeleza pia kwa nini mabingwa wa mchezo huu huonekana kama wanaocheza mipira rahisi tu. Tuseme unataka kuupiga mpira ulio mbele yako moja kwa moja. Mweupe ukiwa mita 1 kutoka kwenye mpira huo, kosa lolote la mwelekeo wa pigo lako huongezeka zaidi ya mara 16 katika mwelekeo wa mpira unaopigwa. Mweupe ukiwa sentimita 30 tu, kosa hilo huongezeka kama mara 4. Jicho ni lile lile na mkono ni ule ule, lakini ukaribu peke yake umekufanya uwe sahihi mara nne zaidi. Ndiyo maana mpira mweupe wa mchezaji wa 14.1 hutembea mwendo mfupi, nao hutumia mashimo ya karibu. Na ndiyo maana meza iliyoinama humuumiza: mwendo wake wa taratibu huupa mwinamo muda wa kufanya kazi.

Mia tano ishirini na sita

Tarehe 19 Machi 1954, huko Springfield katika jimbo la Ohio, Mmarekani Willie Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo katika mchezo wa maonyesho, kwenye meza ya futi nane. Rekodi hiyo ilidumu miaka 65. Mwezi Mei 2019 John Schmidt alifika 626 huko Monterey, California, na Januari 2022 Mskoti Jayson Shaw akaingiza 714.

Tutumie hesabu ya uwezekano, kwa kurahisisha, tuone idadi hizo zina maana gani. Chukua mchezaji anayefanikiwa mara 90 katika mapigo 100. Kwa wastani ataingiza mipira 9 kabla ya kukosa, na uwezekano wa kumaliza 14 bila kukosa ni kama 23 katika 100. Akifika mafanikio ya 95, wastani wake unakuwa 19, na uwezekano wa kumaliza 14 unakuwa karibu nusu. Akifika 99, wastani unaruka hadi mipira 99. Hata hivyo, mtu huyo wa 99 angeifikia 526 mara moja tu katika majaribio kama 200. Lakini anayekosa pigo moja tu katika 1,000 ana uwezekano unaozidi nusu.

Tazama hatua hizo: kutoka 90 hadi 95, kisha 99, kisha 99.9. Kila hatua inaonekana ndogo, lakini zao lake linazidi kuwa kubwa. Hakuna binadamu anayefika huko kwa kujifunza mapigo ya ajabu. Anafika kwa kuyaepuka, kwa kupanga hivi kwamba kila mpira unaofuata uwe ule ambao hata mwanafunzi angeuingiza. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa mchezo huu ulipo. Unampa ushindi mtu aliyefikiri mapema, na bahati hupata nafasi ndogo. Katika mipira tisa, pigo la kufungulia au mpira ulioingia kwa kubahatisha unaweza kuamua mchezo mfupi. Katika safari ya pointi 150, inayodai kupanga pembetatu mara nyingi, bahati za huku na huku hufutana na ustadi hubaki.

Kwa nini mipira minane ilishinda

Mchezo mzuri hivi ulipotezwaje? Katika filamu *The Hustler* ya mwaka 1961, wachezaji wanapambana kwa straight pool, na Mosconi ndiye aliyekuwa mshauri wa ufundi. Katika *The Color of Money* ya mwaka 1986, inayoendeleza hadithi hiyo, mchezo ni mipira tisa. Katika miaka hiyo 25, televisheni ilitaka mchezo mfupi wenye mwisho wa kushtua, na 14.1 ina mtu mmoja anayeweza kushika meza nusu saa huku mpinzani ameketi. Ulaya haikuuacha: mashindano ya ubingwa wa bara hilo yaliendelea kuwa na shindano lake, na Mjerumani Thorsten Hohmann alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2006.

Kwetu sababu ni ya kiuchumi. Meza huwa ya mwenye baa au kibanda, hulipiwa kwa kila mchezo, na foleni inasubiri: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anatoa fimbo. Mipira minane inafaa mno kwa utaratibu huo. Imekuzwa pia na mashindano makubwa, kama yale ya taifa ya Tanzania yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager na ligi ya Uganda iliyobeba jina la Nile Special. Wakati huo huo meza ya puli imebaki na sifa ya uvivu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli wa Tanzania alikemea hadharani vijana wanaoshinda wakicheza puli saa za kazi. Saa za kazi ziheshimiwe, hilo halina ubishi. Lakini jioni, meza hiyo hiyo inaweza kuwa darasa la jiometria, msuguano na uwezekano, kwa vijana ambao shule zao hazina maabara.

Kuanza Pepa

Mchezo huu hauhitaji kifaa kipya. Mipira 15 na mweupe mmoja inatosha, na hata meza ya sarafu inafaa: 14 ikishamezwa, sarafu moja huitoa yote, nao mpira wa 15 unaendelea kungoja mezani. Mahali penye foleni, usicheze hadi 150. Cheza hadi 28, ambayo ni mizunguko miwili, au hadi 42. Kwanza sawazisha meza: weka mpira katikati, uachie, utazame unakoelekea, kisha tia kabari chini ya mguu ulio chini. Rudia pande zote nne.

Kisha tafuta daftari. Kila zamu yako ikiisha, andika umeingiza mipira mingapi mfululizo, hata kama ni sifuri. Baada ya zamu nyingi, tafuta wastani, na ugawanye wastani huo kwa wastani huo huo ukiongezewa moja. Aliye na wastani wa 3 anapata 3 kwa 4, yaani anafanikiwa mara 75 katika 100. Aliye na wastani wa 4 amefika 80. Hiyo ni takwimu halisi kuhusu mkono wako na akili yako, uliyoikusanya mwenyewe. Mipira minane hukuambia umemshinda nani. Daftari la 14.1 linakuonyesha umepanda kiasi gani tangu mwezi uliopita, na kijana anayelijaza kwa uaminifu ameshaanza kufanya sayansi, awe anaishi Springfield au Pepa.