Acheni Kuuliza Rekodi "Halisi" ni Ipi

Swali linalonifikia kila mara ni lile lile, hubadilisha nguo tu. Mtu amevutiwa na muziki wa jadi wa Ayalandi na Uskoti, anataka kuanza kukusanya rekodi zake, na jambo la kwanza analotaka kwangu ni rekodi "halisi" ya tuni fulani, ile ya mwanzo, asije akapoteza pesa kwa marudio.

Rekodi hiyo haipo. Haikupotea wala haikufichwa na wauzaji wa mnada. Haipo kwa sababu tuni hizi zilikwisha kupigwa majikoni, harusini na kwenye njia panda vizazi na vizazi kabla ya gramafoni. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha tuni 1,850 mwaka 1903, na nyingi alizipata kutoka kwa wapigaji waliokuwa wamezibeba kichwani, kila mmoja na namna yake.

Chukueni mfano ambao wengi huniletea kama ushahidi dhidi yangu. Mwaka 1934, mjini New York, mpiga fidla Michael Coleman, mzaliwa wa Sligo, alirekodi rili tatu mfululizo, yaani tuni za dansi: "The Tarbolton", "The Longford Collector" na "The Sailor's Bonnet". Hadi leo ukikaa na wapiga fidla popote duniani, mmoja akianza ya kwanza, wenzake wataingia nyingine mbili kwa mpangilio huo huo bila kuambizana. Basi, huniambia, hiyo ndiyo halisi! Lakini Tarbolton ni kijiji cha Ayrshire, Uskoti, na tuni yenyewe ni ya Kiskoti. Ilivuka bahari ikaingia Ayalandi, ikavuka tena hadi Marekani kwenye vidole vya mhamiaji, kisha ikarudi nyumbani ndani ya vifurushi vya santuri ambavyo ndugu walio ng'ambo waliwatumia wazee wao. Mpangilio wa rili tatu ni wa Coleman. Uzito ulioupata umetokana na santuri, si na ukongwe.

Tena msikilizeni Coleman mwenyewe. Akiirudia sehemu haipigi kama alivyoipiga awali: hapa ameongeza noti tatu za haraka, pale upinde umebadilisha njia. Rekodi moja, dakika tatu, na tayari ina matoleo kadhaa ya tuni moja. Anayetafuta toleo moja sahihi anakwenda kinyume na mpigaji anayemtukuza.

Na hizo dakika tatu zenyewe hakuzichagua yeye. Ndizo zilizotosha upande mmoja wa santuri. Msomaji wa pwani anaujua mbano huo: mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, naye alilazimika kuingia katika upande wa santuri. Kabla ya 1925 studio nyingi hazikuwa na maikrofoni, mpigaji alielekea pembe kubwa. Mara nyingi kinanda kilipigwa na mtu wa studio asiyeujua muziki huo, na kodi zake zinagongana na fidla waziwazi. Je, nazo ni sehemu ya uhalisi?

Halafu kuna mwendo, jambo linalonikera kuliko yote. Santuri za zamani hazikukatwa zote kwa mizunguko 78 kwa dakika. Iliyokatwa kwa 74 ukiichezesha kwa 78 hupanda karibu nusu toni, na mpigaji anaonekana ana kasi ya ajabu. Nimesoma sifa ndefu za "kasi ya wazee" ambazo kwa hakika ni sifa za mashine iliyowekwa vibaya.

Nje ya studio, huko vijijini, hali ilikuwa nzito zaidi. Wakusanyaji wa Tume ya Ngano ya Ayalandi, iliyoanza kazi 1935, walirekodi kwenye silinda za nta. Kwa uhaba wa fedha, maneno yalipokwisha kunukuliwa kwa mkono, nta ilinyolewa ili itumike tena. Sauti nyingi za kwanza zilifutwa na wale wale waliozirekodi. Uskoti ilibahatika: Taasisi ya Mafunzo ya Kiskoti ya Chuo Kikuu cha Edinburgh ilianzishwa 1951, wakati wa kanda za sumaku, na miaka miwili baadaye Hamish Henderson akampata Aberdeen mwimbaji Jeannie Robertson, ambaye rekodi zake ziko nyingi. Zilinganisheni. Raha yote imo katika tofauti.

Anayeng'ang'ania "halisi" hununua Coleman, akamsahau John Doherty wa Donegal, ambaye fidla yake ina harufu ya Uskoti kwa kuwa watu wa kwao walikwenda huko kufanya vibarua, akampita pia Willie Clancy wa Clare na zumari zake zinazopulizwa kwa kiwiko. Hiyo ndiyo hasara.

Sasa la kufanya. Chagueni tuni moja, mkusanye wapigaji watano. Kwa Uskoti, ingieni Tobar an Dualchais, mkusanyiko wa mtandaoni wa kusikiliza bure. Halafu tafuteni mfululizo wa albamu za Scottish Tradition. Kwa Ayalandi, anzeni na Hifadhi ya Muziki wa Jadi, Merrion Square, Dublin, ambayo nayo ina rekodi mtandaoni. Kisha albamu ya mpiga zumari Leo Rowsome ya kampuni ya Claddagh. Mkinunua santuri zenyewe, msitumie sindano ya sahani za kisasa, ni nyembamba mno. Zisimamisheni wima, msizilundike. Msizisafishe kwa spiriti, inayeyusha shelaki iliyotumika kuzitengeneza. Mkizinakili, hifadhini nakala isiyobanwa kabla ya kugusa programu ya kuondoa mikwaruzo, maana huondoka nayo sauti ya upinde. Na andikeni kila kitu: mpigaji, mahali, mwaka, mwendo mliotumia, na ile namba ndogo iliyochongwa karibu na lebo.