Anza na Bisibisi

Mgongoni mwa multimita ya Hewlett-Packard 3478A, mashine ya miaka ya 1980 ambayo bado inaheshimika mezani, kuna soketi ya pini 24. Hiyo ni GPIB, njia ya mawasiliano iliyobuniwa na Hewlett-Packard yenyewe na kufanywa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975. Kompyuta ya leo haina soketi hiyo, ndiyo maana fundi hununua adapta ya USB. Kifaa kisipojibu, hukimbilia kupekua programu. Namsihi aanze na bisibisi.

Skrubu za mwanzo za kufungia plagi ya GPIB, zenye rangi ya fedha, zina meno ya inchi. Nyeusi zilizofuata ni za milimita. Ukizilazimisha kuingiliana, meno yanaharibika na plagi haikai sawasawa. Hatari zaidi ni vifaa vya Ulaya vilivyofuata kiwango cha IEC 625: mawasiliano ni yale yale, lakini plagi ina pini 25 na umbo lake ni lile la RS-232, mawasiliano ya aina nyingine kabisa. GPIB hutumia volti 5. RS-232 huweza kuleta 12, chanya au hasi. Soma maandishi ya kando ya soketi hata kama yamefifia, kwa sababu chipu itakayoungua huenda haitengenezwi tena.

Tatizo gumu halionekani kwa macho. Ndani ya kila kifaa mna rezista zinazoivuta juu volti ya kila njia ya ishara, na anayetaka kusema lazima aishushe akishindana na wote. Ndiyo maana kiwango kinadai kila msemaji amudu miliampia 48. Adapta nyingi za bei nafuu hazina chipu za kazi hiyo. Pini za mikrokontrola zimeungwa moja kwa moja na njia hizo. Kwa kifaa kimoja zinatosha. Ukiongeza vingine, data inaweza kuanza kuharibika.

Kisha kuna zamu. Kila msikilizaji hushikilia njia iitwayo NRFD mpaka awe tayari, na herufi inayofuata haitoki hadi wa mwisho aiachie. Kifaa kimoja kikikwama, vyote vinanyamaza. Chomoa adapta, washa vifaa vyote, kisha pima pini ya 7, ambayo ndiyo NRFD. Ikiwa huru husoma karibu volti 3.4. Ikisoma karibu na sifuri, yupo anayeishikilia: chomoa kebo moja baada ya nyingine hadi volti ipande.